Tuta la Mbele ya Bustani

Ninyi mliokulia Kalemie pamoja nami, mliovuka avenyi yetu, barabara ya mtaa, mkiwa mmeshikana mashati kwa nyuma, naomba mnisaidie kukasirika, maana peke yangu nimechoka.

Mnalikumbuka lile gari-moshi letu. Kila mtaa wa mji huu ulikuwa na mtu wa reli, na wa kwetu alikuwa Papa Mulongo, mwanaume mfupi mwenye kofia iliyopauka, ambaye hata baada ya kustaafu hakuweza kuona watu wanakwenda bila kuwapanga. Ili tuvuke kwenda bustanini ilikuwa sharti tusimame mstari mmoja ukingoni. Mkubwa mbele, huyo ndiye lokomotivu. Wadogo katikati. Nyuma kabisa anakaa mtoto mwenye akili, anaitwa freni, yaani breki, na kazi yake ni kuangalia kwamba hakuna behewa lililochomoka njiani. Papa Mulongo anatazama kushoto, anatazama kulia, anapuliza filimbi, nasi tunavuka tukiguruma. Mimi nilikuwa freni miaka miwili na sikupoteza behewa hata moja. Ndiyo, najisifu. Sijapewa cheo kingine maishani nilichokifanya vizuri kama hicho.

Na hapo tulikuwa tunaogopa magari gani? Pikapu ya padri, lori la samaki, na baiskeli za makaa zilizoshuka kutoka milimani zikiwa zimebeba mzigo mkubwa kuliko nyumba. Gari likitokea darajani tulilisikia kabla halijafika, tukaanza kubishana ni la nani.

Bustani yenyewe haikuwa kitu cha kupiga nacho picha. Ni kipande cha ardhi chenye pembe tatu, mahali avenyi yetu inapokutana na njia ya kwenda gare, stesheni ya reli, chenye mabenchi mawili ya saruji na beseni kubwa la duara. Wakubwa walituambia beseni hilo zamani lilikuwa linarusha maji juu. Sisi tulilikuta limejaa majani makavu, tukaligeuza meli ya kwenda Moba, na kila mtu alikuwa kapiteni. Wasichana tulicheza nzango, makofi na miguu, makofi na miguu, mpaka vumbi linatufika kiunoni. Wavulana walisukuma magari ya waya yenye usukani mrefu na matairi ya ndala zilizokatika. Upepo wa ziwa ulileta harufu ya ndagala, dagaa wa kwetu, zilizoanikwa, na ikifika saa kumi mama wa kona anaepua mikate ya mafuta na kutufungia ndani ya karatasi ya daftari. Nimekula mikate mingi sana iliyofungwa kwa hesabu za watoto wa watu, zimekosewa zote, na mafuta yamepita katikati ya wino mwekundu wa mwalimu.

Mama yangu alikuwa na sentensi moja tu ya jioni. "Jua likiingia ku mulima, nikukute umenawa miguu." Hakuirudia. Hakuna mtoto aliyeuliza mama, ni saa ngapi. Tuliutazama mlima.

Lakini Jumapili ndiyo ilikuwa yenyewe. Saa tisa baba zetu walitoa mabenchi majumbani, wakayaweka katikati ya avenyi, moja upande wa gare na moja upande wa daraja, na barabara imefungwa mpaka saa kumi na mbili. Hakuna aliyeandika barua. Hakuna aliyekwenda biro, ofisini kwa wakubwa. Dereva akija anazima injini, anasalimiwa, anaulizwa habari za nyumbani kwake, na kama ana haraka anazungukia nyuma ya gare. Nakumbuka dereva mmoja wa lori la samaki aliyeshuka kwa hasira ili alalamike, akaishia kuwa refa wa mpira, na alikuwa refa mbaya. Idi ikifika, familia za Waislamu wa mtaa wetu zilishusha sinia za pilau palepale barabarani, na Noeli sisi tukashusha za kwetu. Lami ilikuwa sebule yetu.

Sasa njooni mtazame leo.

Tangu maji ya ziwa yalipopanda na kuimeza barabara ya chini, malori yote ya bandarini yanapita kwetu. Yanapita asubuhi, yanapita mchana, yanapita sisi tukila, na sahani zinatembea mezani. Pembeni ya malori zinapita pikipiki za motari wetu, vijana wenye miwani ya jua hata mawingu yakiwa yamefunga, spika ya muziki imefungwa kwenye usukani, abiria watatu na mbuzi mmoja. Ukimwambia kijana apunguze mwendo anakuangalia kwa huruma, kama vile wewe ndiye mgonjwa. Bustanini nako vijana wengine wamekaa kwenye mabenchi yetu ya saruji, vichwa chini, wanatazama mpira wa nchi za watu kwenye simu. Mpira wa kweli ukija na kuwagonga mguu wanauliza ni wa nani.

Ndiyo maana tukaunda Komite ya Bustani. Mimi ndiye prezida, wananiita Mama Riziki kwa jina la binti yangu wa kwanza, na nyumba yangu ambamo nashonea nguo iko mkabala na bustani, upande wa pili wa avenyi. Sekretari wetu ni Papa Kitenge, mwalimu mstaafu, mtu mpole anayependa muhuri kuliko mkate. Alitaka tuombe dodani mbele ya bustani, yaani tuta la kupunguza mwendo. Akaandika barua. Biro ikaipiga muhuri wa kuonyesha imepokelewa. Papa Kitenge akaja nayo nyumbani kwangu ameishika kwa mikono miwili.

"Mama Riziki, wameipokea."

"Na dodani iko wapi?"

"Hapana, Mama. Kwanza wameipokea."

Akaandika ya pili, nayo ikapokelewa. Kufikia ya nne nilikuwa nikimwona anatokea na karatasi, najifanya natafuta sindano chini ya meza.

Tukaamua tuonekane kwa macho. Tukafanya Siku ya Bustani, Jumapili moja, kama za zamani: mashindano ya nzango kwa watoto na mama zao, kukimbia na yai kwenye kijiko, na hotuba fupi juu ya watoto na barabara. Badala ya mabenchi tukafunga utepe katikati ya avenyi, mwekundu na mweupe, nilioushona mwenyewe. Vijana walijitolea kuleta muziki. Nikashukuru, mjinga mimi. Wakaleta spika ndefu kuliko mlango, na Papa Kitenge alisoma hotuba yake yote akifungua na kufunga mdomo kama samaki, hakuna aliyesikia neno. Halafu akatokea motari mmoja, Trezor, kijana wa avenyi yetu hii hii, nilimshonea sare ya shule ya msingi. Akaona utepe. Akaongeza moto, akaukata kwa kifua, mikono juu, kama mtu aliyeshinda mashindano. Watu wakapiga makofi. Mimi nililia kwa hasira nyuma ya spika.

Wiki hiyohiyo ikaja ile ya Neema. Neema ni mjukuu wangu, mtoto wa Riziki, ana miaka sita, ananiita Nkambo, yaani bibi, na nimemlea tangu alipoanza kutembea kwa sababu mama yake anafundisha Moba. Tulikuwa tunavuka, mkono wake ndani ya mkono wangu. Pikipiki ikapita nyuma yetu karibu sana hata ikang'oa kandambili ya mtoto mguuni na kwenda nayo. Hakuumia. Hakulia pia. Alisimama mguu mmoja chini, anatazama kule ilikoelekea kandambili yake, akaniuliza kama itarudishwa.

Nani alimwambia Riziki sijui, lakini jioni hiyo simu ikalia.

"Mama, nakuja na meli mbele ya shule kufungua. Nikikuta barabara iko vile vile, namubeba mutoto."

"Riziki, mutoto amezoea huku."

"Najua amezoea. Namutaka muzima."

Nyumba yangu ina vyumba vitatu na sauti moja tu inayozungumza nami kutwa nzima, nayo ni ya mtoto yule, anayeketi chini ya cherehani yangu akiokota vipande vya kitambaa na kuvipa majina. Tangu simu ile niliacha kulala mchana. Nilikwenda biro mwenyewe, nikakaa kwenye kiti, nikasema sitoki. Mkubwa wa pale, mtu mzima mwenye kuchoka kama mimi, akaniambia kwa upole: "Mama, barua zenu tumezisoma. Sima ya kujengea hatuna. Lakini mukifanya salongo mujenge wenyewe, hatukatazi."

Basi hilo ndilo tulilokuwa tunangoja kwa barua nne: kutokatazwa.

Salongo mnaijua, kazi ya mikono ya Jumamosi asubuhi ambayo kila nyumba inatoa mtu. Kwa kawaida kila nyumba inatoa udhuru. Jumamosi hiyo, nasema ukweli wangu, walikuja. Wengine walileta mchanga wa ziwani, wengine matofali, wengine nusu mfuko wa saruji iliyobaki kwenye ujenzi wao. Papa Kitenge alikunja suruali na miguu yake ya mwalimu ikaonekana kwa mara ya kwanza mtaani. Hata Trezor aliegesha pikipiki akachanganya saruji, anacheka, sijui kwa aibu au kwa kupenda.

Na hapo ndipo nilipofanya lile ambalo mpaka leo linanifanya niwe mkali kwa kila mtu.

Avenyi yetu inateremka. Mvua ikinyesha, maji yanashuka yote upande wangu na kupita mbele ya mlango wangu. Niliangalia tuta linavyopanda, nikaona litakuwa kizuizi, na maji yatageuka yaingie kwangu, kwenye vitambaa vya wateja na kwenye cherehani. Nikasema tuache nafasi mwishoni, upande wangu, upana wa hatua moja na nusu. Papa Kitenge akasimama na koleo lake.

"Mama Riziki, hiyo nafasi njo motari watapitia."

"Na maji yatapitia wapi, Papa Kitenge? Mu kitabu yako?"

Watu wakacheka. Akainama akaendelea na kazi. Mimi ni prezida, nyumba ni yangu, mdomo ni wangu. Nafasi ikaachwa.

Kwa siku tatu tulikuwa watu wenye furaha. Malori yalifika kwenye tuta yakahema, yakapanda polepole, yakashuka polepole, na madereva wakatusalimu kwa kuwa sasa walipata muda wa kutuona. Mama wa mikate wa siku hizi akahamishia meza yake pale mara moja, biashara ikachangamka. Nilimpigia simu Riziki nikamweleza yote kwa sauti ya mtu aliyeshinda kesi.

Siku ya nne motari wakagundua nafasi yangu. Walipita mmoja mmoja, kwa adabu kabisa, kama watu wanaoingia kanisani. Na kwa kuwa nafasi ile inatazama mdomo wa bustani ambao hauna ukuta wala mlango, wakagundua jambo la pili: ukikata bustani kwa njia ya miguu, ukapita baina ya beseni na bembea ya watoto iliyowekwa siku hizi, unatokea gare kabla ya mtu aliyefuata barabara. Kabla ya tuta, pikipiki zilikuwa zinapita mbele ya bustani. Baada ya tuta zilikuwa zinapita ndani yake. Hayo ndiyo maendeleo tuliyoyaleta sisi, Komite.

Nilimkamata Trezor kwenye meza ya mikate.

"Wewe ulichanganya sima kwa mikono yako. Sasa unapita katikati ya batoto?"

Akameza kwanza, maana alikuwa na heshima kwa mikate. "Mama, siye hatukuvunja kitu. Muliacha mulango, tunapita mu mulango. Kosa yangu iko wapi?"

Nilimtukana vizuri, nikataja kizazi chake chote cha simu na miwani. Lakini nilijua alichosema. Dawa ilikuwa ndogo: karai moja la saruji na matofali machache, kazi ya asubuhi moja. Saruji yenyewe ilikuwa imebaki barazani kwangu, nimeifunika kwa gunia. Nami nikaitisha mkutano. Tukajadili kibao cha maandishi. Nikaitisha mwingine, tukajadili filimbi na nani ataipuliza. Nikapendekeza barua kwa chama cha motari, na Papa Kitenge, maskini, akachukua kalamu bila kuniangalia. Mvua zilikuwa karibu, nami niliyatazama mawingu ya ziwani kuliko nilivyomtazama Neema akivuka.

Riziki akaja na meli ya Jumanne. Alinikumbatia, akala, akasifu tuta. Halafu akakaa barazani na kikombe cha chai, Neema akakimbia bustanini kumwonyesha anavyojua bembea. Papa Kitenge alikuwepo, amekuja kusalimia. Pikipiki ikaingia kwenye nafasi. Ikafuata ya pili. Ya tatu ikapiga honi, watoto wakatawanyika, na Neema akabaki juu ya bembea amekunja miguu, anangoja zipite, kama mtu aliyekwisha kuzoea. Nadhani ni huko kuzoea ndiko kulikomchoma binti yangu.

Hakupandisha sauti. Akauliza tu: "Nani aliacha hii nafasi?"

Nilifungua mdomo. Papa Kitenge akawahi.

"Ni komite," akasema.

Yule mzee niliyemfanya achekwe na watu akanifunika mbele ya mtoto wangu, nami nikajifunika vizuri. Riziki akaingia ndani na kuanza kukunja nguo za mtoto. Ijumaa nikawasindikiza bandarini. Neema alibeba mfuko wa vipande vya kitambaa, kila kimoja na jina lake, akaniambia nisimpe mtu kiti chake chini ya cherehani.

Jumamosi asubuhi nikafunua saruji. Sikuitisha salongo. Papa Kitenge aliniona kutoka kwake akaja na koleo, tukafunga nafasi ile kabla jua halijawa kali. Motari wa kwanza alifika, akatazama, akakuna kichwa, akapanda tuta kama lori, na kwa mwendo ule kukata bustani hakukuwa na faida tena, akafuata barabara. Ni Trezor. Akanipa pole, sijui ya nini.

Mvua ya kwanza ilinyesha wiki iliyofuata. Maji yaligeuka yakaingia kwangu, kama nilivyosema. Yalifika kwenye kifundo cha mguu. Nilipandisha cherehani juu ya meza, vitambaa juu ya kitanda, nikakumba maji kwa sufuria, nikafagia matope, na ilikuwa imekwisha. Kazi ya saa mbili. Ndicho nilichokuwa nakiogopa. Sasa kila ikinyesha nafanya hivyo, na mvua ikikatika nasikia watoto wa majirani wamejaa bustanini, wanapiga nzango, wanakosea kila hatua, na kelele zao ni kubwa kuliko spika za siku ile.

Baba zetu hawakuwa malaika. Walikuwa wagomvi, wengine wanywaji, na lori la samaki likichelewa kwa ajili ya mabenchi yao ni wao waliokula ugali na sombe tupu, kisamvu bila samaki, jioni. Walijua hivyo wakati wanayatoa mabenchi, na waliyatoa. Sisi tumesoma kuwapita, tuna komite, tuna muhuri, tuna simu ya kuitia mkutano. Leo nikiona mtoto anavuka kwa raha mbele ya nyumba yangu, ni mtoto wa mtu mwingine.

Juzi Neema alinipigia kwa simu ya mama yake. Alinihesabia marafiki wapya, akanieleza shule yao ina kengele ya kweli. Kisha akauliza:

"Nkambo, pikipiki zingali zinapita ku bembea?"

"Hapana, zimeacha."

"Tangu lini?"

Mama yangu alikuwa mkali, alinichapa kwa makosa na bila makosa, lakini katika utoto wangu wote hakuwahi kunijibu neno kama lile nililomjibu mtoto huyu.

"Tangu uende."